Tao, mwega na chokaa: Kiswahili kina maneno ya kuyasoma majengo

Ukimtajia kijana wa Nakuru neno tao, atadhani unataka kwenda mjini. Kwenye stegi za Njoro, Gilgil na Molo, makanga hupaza sauti, "Tao! Tao!" na kila abiria anajua gari linaelekea katikati ya jiji. Tao hilo limetoka katika Kiingereza likapitia Sheng, na sina ugomvi nalo. Ila lipo tao jingine, kongwe kuliko hilo, ambalo kamusi zetu zinalo lakini vinywa vyetu vimelisahau: ule mpindo wa mawe au matofali juu ya mlango, juu ya dirisha au baina ya nguzo mbili, unaobeba uzito wa ukuta ulio juu yake. Hilo ndilo tao la makala yangu ya leo.

Nimechokozwa na mwalimu mmoja wa sanaa anayefundisha shule ya upili upande wa Njoro. Aliwapeleka wanafunzi wake kulitazama jumba la Lord Egerton kule Ngata, nao wakaanza kumuuliza kwa Kiswahili: hiki kinaitwaje, mwalimu? Na kile je? Akajikuta anajibu yote kwa Kiingereza. Sasa anataka kuwafundisha mitindo miwili mikuu ya ujenzi na sanaa ya Ulaya katika Zama za Kati, na swali lake kwangu ni fupi: je, Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo, au tukubali yaishe?

Jibu langu ni kwamba kinayo, tena mengi. Tatizo letu ni kuwa tumeyaacha yatawanyike. Mengine yamebaki Lamu, Kilwa na Unguja. Mengine yako midomoni mwa mafundi wa mawe. Mengine yamelala kamusini. Neno la ufundi likipotea haliendi peke yake. Huondoka na ujuzi uliomo ndani yake, na hasara hiyo hulipwa na ukuta.

Tuanze na majina

Mitindo yenyewe ni ipi? Wa kwanza ulitawala Ulaya Magharibi tangu mwaka 1000 hivi hadi katikati ya karne ya 12. Ni majengo ya kuta nene, madirisha madogo na matao ya nusu duara. Wa pili ulichipuka karibu na Paris katika karne hiyo ya 12, ukaenea na kudumu hadi karne ya 15 na hata ya 16 katika baadhi ya nchi. Huu ni wa matao yenye ncha, kuta zilizojaa vioo vya rangi na dari zinazopaa juu kama zinataka kuondoka duniani.

Wengi wetu huuita ule wa kwanza "mtindo wa Kirumi". Hapo pana mtego. Kirumi ni cha Roma ya kale, ile ya makaisari, iliyotangulia kwa karne nyingi. Wataalamu wa Ufaransa waliobuni jina la mtindo huu mwanzoni mwa karne ya 19 walitaka kusema kwamba ujenzi huu umetokana na Kirumi kama vile Kifaransa na Kiitaliano zilivyotokana na Kilatini: ni mtoto, si baba. Tukisema "Kirumi" tunamchanganya mtoto na baba yake. Ndiyo maana napendekeza tuseme mtindo wa Romaneski.

Wa pili nao una kisa chake. Wagothi walikuwa kabila la Kijerumani lililouteka mji wa Roma mwaka 410. Hawakujenga hata moja kati ya makanisa tunayoyazungumzia. Walikuwa wamekwisha kutoweka kama taifa karne nyingi kabla. Jina lao lilibandikwa majengo hayo na Waitaliano wa karne ya 15 na 16, akiwemo mchoraji na mwandishi Giorgio Vasari, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1550 aliudharau ujenzi huo kuwa ni kazi ya washenzi. Kwa hiyo jina lilianza kama tusi, kisha tusi likazoeleka, likawa sifa. Wanaisimu wanazijua safari za namna hii. Kwa Kiswahili, "Kigothi" tayari ni lugha ya Wagothi, lugha iliyokufa ambayo iliandikiwa Biblia katika karne ya 4. Basi tuiachie lugha jina lake, na sanaa tuiite ya Gothiki.

Tao la nusu duara, tao la ncha

Sasa tuingie kwenye jengo lenyewe. Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa mawe, ambaye amechonga na kujenga maeneo ya Njoro na Rongai kwa miaka mingi. Nilimuuliza kitu kinacholazwa juu ya mlango ili kubeba mawe ya juu kinaitwaje.

"Hiyo ni linto, mwalimu," akanijibu.

"Na kama ni mawe yaliyopindwa, mzee, bila linto?"

"Hiyo ni achi. Siku hizi watu hawataki, inakula wakati. Lazima uweke mbao chini kwanza, upange mawe kutoka pande zote mbili, yakutane juu. Likiingia lile la katikati, unaweza kutoa mbao. Halianguki."

Mzee hakulitaja neno tao, lakini maelezo yake yangekubalika katika chuo chochote cha usanifu majengo. Mbao zile ni kiunzi. Jiwe lile la mwisho, linaloyabana mengine yote, tunaweza kuliita jiwe la kufungia. Kisha nikamuuliza kwa nini tao linaweza kuangusha ukuta ulioonekana imara. Akacheka.

"Beba gunia la viazi mgongoni, halafu simama kwa tope ukiwa umetanua miguu. Itafanya nini? Itateleza, moja huku, moja kule. Ukikaribisha miguu, inateleza kidogo tu."

Msomaji, siri kubwa ya mitindo yote miwili iko kwenye gunia hilo la viazi. Tao hubeba uzito na kuuteremsha chini, lakini pia husukuma nje, kushoto na kulia. Tao la nusu duara ni mtu aliyetanua miguu: msukumo wake wa nje ni mkubwa. Ndiyo sababu mjenzi wa Romaneski alilazimika kuweka kuta nene kama za ngome na kuogopa kuzitoboa. Kila dirisha lilikuwa shimo kwenye kitu kilichozuia jengo lisifunguke. Ndani mkawa na giza la utulivu, na mchana ulipenya kwa mistari myembamba.

Tao la nusu duara lina kasoro nyingine, ya hesabu. Kimo chake daima ni nusu ya upana wake. Ukitaka kuziba upana wa mita 6, tao litapanda mita 3, si zaidi wala si pungufu. Upana ukiwa mita 4, litapanda mita 2. Sasa jaribu kukutanisha matao ya upana tofauti katika dari moja: vilele havilingani. Tao la ncha halina utumwa huo. Kwa upana ule ule wa mita 6 unaweza kulipandisha mita 4, 5 au 7, upendavyo, na vilele vyote vikakutana. Aidha, kwa kuwa miguu yake imekaribiana, husukuma nje kidogo.

Tao la ncha peke yake halikutosha kuzaa Gothiki. Mafundi wa Ulaya waliliunganisha na mambo mengine mawili. La kwanza ni mbavu: matao membamba yanayokatiza darini na kuupeleka uzito kwenye nguzo za pembeni, kama mbavu za mwavuli zinavyokusanyika. Kanisa kuu la Durham, Uingereza, lililoanzwa mwaka 1093, lina mbavu hizo ilhali bado ni la Romaneski kwa unene wake. La pili ni mwega. Kamusi zetu zinalo neno hili: nguzo inayoegemezwa ukutani ili usianguke. Wajenzi wa Gothiki waliutoa mwega nje ya jengo, wakaurusha hewani kwa umbo la nusu tao, ukashika ukuta pale juu kabisa unaposukumwa. Napendekeza tuuite mwega wa tao.

Ukishakuwa na vitu hivyo vitatu, ukuta hauna kazi tena ya kubeba. Unaweza kuutoa na kuweka kioo. Hicho ndicho Abate Suger alichofanya katika kanisa la Saint-Denis, kaskazini mwa Paris. Sehemu yake ya mashariki iliwekwa wakfu tarehe 11 Juni 1144, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa Gothiki. Suger aliamini kwamba nuru inayopita katika vioo vya rangi huiinua akili ya mtu kumwelekea Mungu. Miaka 50 baadaye, baada ya moto wa mwaka 1194, mji wa Chartres ulijenga upya kanisa lake kuu kwa kimo cha mita 37 hivi ndani, pamoja na madirisha ya waridi, yaani yale ya duara yenye petali za vioo.

Tamaa nayo haikukosekana. Mji wa Beauvais ulitaka kuipita miji yote. Ukapandisha dari hadi mita 48 hivi. Mwaka 1284, miaka 12 tu baada ya sehemu hiyo kukamilika, dari ikaporomoka. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu chanzo hasa, lakini funzo liko wazi: jiwe halidanganyiki, na uzito lazima upewe njia ya kuteremkia.

Ukuta uliosemeshwa

Nisije nikaonekana nimezungumzia mawe tu. Mitindo hii ilikuwa ya sanaa pia. Katika makanisa ya Romaneski, ile nafasi ya nusu duara iliyo kati ya tao na kichwa cha mlango ilijazwa michongo. Tunaweza kuiita uso wa tao. Kule Autun, Ufaransa, uso wa tao la mlango mkuu umechongwa Hukumu ya Mwisho yapata mwaka 1130: roho zinapimwa mizanini, malaika wanavuta huku, mashetani wanavuta kule. Chini yake limechongwa jina Gislebertus, ambalo wengi hulichukua kuwa la mchongaji mwenyewe. Watu wengi wa wakati huo hawakujua kusoma. Mlango ndio uliokuwa ukurasa wao. Na picha zile hazikuwa za kubembeleza. Mkulima aliyeingia pale alijiona mwenyewe kwenye mizani.

Gothiki ikauchukua ukurasa huo na kuuhamishia kwenye kioo. Michongo nayo ikalegea, ikaanza kugeuza shingo na kutabasamu. Linganisha sanamu za Romaneski, ndefu na kavu, na malaika anayetabasamu wa Reims wa karne ya 13, utadhani ni watu wa mabara mawili.

Pwani tulikuwa wapi?

Hapa ndipo ninapompinga mwalimu wangu wa Njoro kwa upole. Tukisema Kiswahili hakina maneno haya, tunasahau kwamba Waswahili walikuwa wakijenga kwa mawe wakati ule ule. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Wakati huo Durham bado ilikuwa inajengwa na Suger alikuwa mtawa kijana. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa katika karne ya 14, ukapata kuba na dari za tao. Ndiyo karne ambayo Ibn Battuta alifika huko, mwaka 1331. Gedi nako, katika Kaunti ya Kilifi, milango ya kasri na misikiti ina matao ya ncha unayoweza kuyagusa kwa mkono wako hadi leo. Mwaka 2024 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Wala isisemwe kwamba pwani iliiga Ulaya. Tao la ncha lilikuwa limekomaa katika nchi za Kiislamu zamani. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao hayo, karne mbili na nusu kabla ya Saint-Denis. Wanahistoria wengi huona kwamba Ulaya ililijua tao hilo kutoka huko. Kwa maneno mengine, Gedi na Chartres wana babu mmoja.

Lugha ndiyo shahidi wetu mkuu. Kiswahili kina kitenzi aka, yaani kujenga kwa mawe, ambacho ni tofauti na jenga. Kutokana na aka tumepata mwashi na uashi. Lugha haitengi kitenzi kizima kwa jambo ambalo watu wake hawalifanyi! Tuna kuba na mnara, yote mawili kutoka Kiarabu. Dirisha kutoka Kiajemi. Nguzo, tao, boriti, sakafu na zidaka, vile vijidirisha visivyotoboka vya nyumba za Lamu.

Na yupo mtu mmoja ambaye lugha na uashi vilikutana mikononi mwake. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja. Alipokuwa askofu ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873. Kanisa lile linachanganya Gothiki na ufundi wa Kiislamu, na dari yake ni ya tao, iliyomwagwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Waelekezi wa pale husimulia kwamba nguzo kadhaa ziliwekwa kichwa chini miguu juu askofu akiwa hayupo. Iwe kweli au ngano, kisa hicho kinaonyesha gharama ya kutoelewana kuhusu maneno mawili tu: kichwa cha nguzo na kitako cha nguzo.

Paa si dari

Kuna mahali ambapo Kiswahili si tu kwamba kinatosha, bali kinasema kwa usahihi. Tarehe 15 Aprili 2019, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liliungua. Jengo hilo la Gothiki lilianzwa mwaka 1163. Wengi tuliamka tukisikia kwamba "paa la kanisa limeteketea", na baadaye tukashangaa kuona picha za ndani ambamo viti vingi bado vilikuwa vimepangwa. Ilikuwaje?

Kiswahili kinalifumbua fumbo hilo kwa maneno mawili. Paa ni kile kifuniko cha juu kinachozuia mvua. Dari ni kile unachokiona ukiinua macho ukiwa ndani. Notre-Dame ilikuwa na vyote viwili: paa la risasi juu ya kombamoyo za mwaloni, nyingi kiasi kwamba Wafaransa waliziita "msitu", na chini yake, dari ya mbavu ya mawe. Paa liliungua lote. Dari, ingawa ilitobolewa na mnara mwembamba ulioanguka, kwa sehemu kubwa ilisimama. Tao la ncha lilikuwa limefanya kazi yake.

Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Liliwezaje kurudi vile vile? Kwa sababu kombamoyo zile zilikuwa zimepimwa na kuchorwa moja moja mwaka 2014, na kwa sababu walikuwepo maseremala na waashi waliozijua kwa majina na waliojua kuzichonga kwa mkono. Kilichopimwa na kupewa jina kinaweza kujengwa upya. Kisicho na jina kikianguka, watu hufagia vifusi.

Turudi Bonde la Ufa

Haya, tuyalete nyumbani. Huku kwetu hakuna jengo la Zama za Kati za Ulaya, na mtu asikudanganye. Tulicho nacho ni wajukuu: majengo ya karne ya 20 yaliyoazima sura ya mababu.

Lile jumba la Ngata lilijengwa kati ya 1938 na 1954 na Maurice Egerton, aliyefariki mwaka 1958. Kiingereza huliita "castle", na wanafunzi wa mwalimu wangu walitaka kujua kama ni ngome. Hapana. Ngome ni ya kujihami, kama Fort Jesus ya Mombasa. Hili ni makazi ya tajiri aliyependa fahari, na neno letu la kazi hiyo ni kasri. Hapo pana jambo la kufurahisha: "castle" na kasri ni ndugu wa mbali. Yote mawili yanarudi kwenye neno la Kilatini la kambi ya askari. Moja lilipitia Ufaransa hadi Uingereza, jingine likapitia mashariki na Uarabuni hadi pwani yetu. Wamekutana tena Nakuru na hawakutambuana.

Ukiteremka mteremko wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, kando ya barabara utapita kanisa dogo la mawe, dogo kiasi kwamba watu kumi na wawili hivi hulijaza. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Walikuwa vijana waliotoka nchi ambayo makanisa ya Romaneski yamesimama hata vijijini. Mbali na kwao, wakiwa mateka, walijenga kitu walichokijua. Maelfu ya magari hupita hapo kila siku na wachache hugeuza shingo. Na ukifika Nairobi lipo kanisa kuu la All Saints, lililosanifiwa na Temple Moore. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 na kazi ikakamilika mwaka 1952. Huyo ni mjukuu halisi wa Gothiki.

Ukisimama mbele ya jengo lolote kati ya haya, jiulize maswali matatu. Tao lake ni la nusu duara au la ncha? Ukuta ni mnene wenye vijidirisha, au umefunguliwa kwa vioo? Na uzito wa juu unateremkia wapi: umebebwa na ukuta mzima, au umekusanywa kwenye nguzo na miega? Swali la tatu ndilo kali zaidi. Siku hizi kuna majengo yenye matao ya urembo tu, yamebandikwa mbele ya zege iliyobeba kila kitu. Tao la namna hiyo ni kama tai shingoni: linapendeza, lakini halishikilii suruali.

Neno likisinyaa

Nimeliacha jambo linaloniuma hadi sasa. Chukua neno chokaa. Muulize mtu yeyote wa Nakuru chokaa ni nini, atakwambia ni kitu cheupe cha kupaka ukutani. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwa mwashi wa Lamu au Kilwa, chokaa kilikuwa kwanza kiunganishi: matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga, yakashika mawe kwa mamia ya miaka. Chartres nayo imeshikwa na chokaa. Hata huku kwetu bara, mawe tunayochonga kwenye machimbo, mengi yakiwa majivu ya volkano yaliyogandamana, ni laini na hufyonza maji.

Ukuta wa zamani wa mawe laini hupumua. Unyevu unaoingia hutoka kupitia chokaa kilicho baina ya mawe. Akija fundi leo kuukarabati, akaziba nafasi hizo kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia. Hutafuta kutoka kupitia jiwe lenyewe, na jiwe huanza kumomonyoka kama mkate wa jana huku saruji ikibaki imesimama peke yake. Nimeona kuta kadhaa za namna hiyo katika ukanda huu. Fundi hakuwa mzembe. Alipewa neno chokaa likiwa limesinyaa. Kwake chokaa ni rangi, na hakuna ajengaye kwa rangi.

Ndiyo maana sikubali kwamba suala la istilahi ni anasa ya wasomi. Mchoro wa msanifu huja kwa Kiingereza, amri kule mjengoni hutolewa kwa Kiswahili, na katikati pana pengo. Mzee wangu wa Njoro analo gunia la viazi, yaani ujuzi wenyewe. Msanifu analo jina la Kiingereza. Kamusi inalo mwega. Hawa watatu hawajawahi kukaa meza moja.

Kwa mwalimu aliyeniandikia, basi, naanzia hapa: mtindo wa Romaneski na wa Gothiki, tao la nusu duara na tao la ncha, jiwe la kufungia, kiunzi na uso wa tao, dari ya tao na dari ya mbavu, mwega na mwega wa tao, kichwa na kitako cha nguzo, dirisha la waridi. Mengi ni maneno ya kale yaliyopewa kazi mpya, machache nimeyaunga mwenyewe. Safari ijayo ukiwapeleka wanafunzi Ngata au Mai Mahiu, mchukue na fundi mmoja wa mawe. Wewe uyataje maneno, yeye aeleze uzito unapita wapi, nao wanafunzi waandike. Akiwa na neno bora kuliko langu, lichukue la kwake uniletee. Tutalijadili hapa hapa.